Leso Isiyokung'utwa

Ukunda,
Jumapili, 4 Februari 2024

Kwa Bi Subira binti Randu, Mkwiro

Assalaam alaykum, na shikamoo dada yangu, ingawa hatujawahi kuonana.

Naitwa Abdulwahab bin Nassir. Mimi ni mjukuu wa marehemu Mzee Alfani, aliyekuwa na duka la vyombo vya fedha pale Msambweni, upande wa barabara ya kwendea Ramisi. Mama yangu, Bi Mwanasiti, ni binti yake wa pekee, na bado yupo, tunaishi naye hapa Ukunda. Nimefanya kazi ya mapokezi katika hoteli za Diani miaka thelathini na minne. Sasa nimestaafu, na mtu aliyestaafu asipojitafutia shughuli huishia kugombana na kuku.

Shughuli niliyoipata ni hii. Hoteli moja ya Diani itaonyesha vyombo vya duka la babu baada ya Idi, nami naandika kijitabu cha historia yake. Vijana hawajui kwamba zamani za Mwingereza hapa kwetu viliuzwa vijiko, vikombe na vikasha vya fedha vilivyofuliwa Uchina, vikapitia Bombay, vikashuka Mombasa na kuvushwa Likoni hadi Msambweni. Wazungu wa shamba la miwa walikuwa wakija na wake zao kuchagua.

Ninavyo vyombo kumi na kimoja. Kilicho bora nimekitia picha yake jaladani mwa kijitabu: kikasha cha sigara, juu kina joka, kandokando mianzi. Chini pana herufi mbili za Kizungu na alama tatu za Kichina, na alama ya tatu imekatwa na mstari mwembamba. Mgeni mmoja anayeyajua mambo haya aliniambia huenda mstari huo ni alama ya siri ya fundi mwenyewe.

Nimesikia mama yako, Bi Mishi, alikuwa akisugua fedha dukani kabla ya uhuru, na kwamba katika waliofanya kazi pale amebaki yeye tu. Naomba anisimulie kazi ilikuwaje na babu alikuwa mtu wa namna gani. Nilipiga simu nikaambiwa masikio yako hayapatani na simu, ndipo nikashika kalamu. Barua atakuletea Chirau, anayenunua pweza huko kwenu.

Nduguyo,
Abdulwahab bin Nassir


Mkwiro,
11 Februari 2024

Bwana Abdulwahab,

Waalaykumu salaam. Marahaba. Barua imefika ikinuka pweza, lakini imefika.

Ni kweli masikio yangu yamekwisha. Hata yangekuwa mazima ningekwambia uandike. Maneno ya mdomoni ya nyumba yenu tuliyasikia ya kutosha, sasa tunataka ya karatasini.

Mama ana miaka themanini na saba, na haoni tangu mwaka 1959. Nimemsomea barua yako. Alisikiliza mpaka nilipofika kwenye kikasha, akasema, "Rudia hapo chini." Nikarudia: alama tatu, ya tatu imekatwa na mstari. Akauchora ule mstari hewani kwa kidole. Akasema, "Huo nimeukwaruza mimi. Majivu yalikuwa yamekwisha, nikasugua kwa mchanga. Mzee Alfani alinipiga kofi."

Basi mwambie mgeni wako kwamba huyo fundi mwenye siri yuko Mkwiro.

Na mimi nikupe historia ya duka, kwa kuwa umeiomba. Mwezi wa nane 1959 kikasha hicho kilipotea rafuni, na ofisa mmoja alikuwa amekwisha kukiagiza. Babu yako aliwauliza wanawake watatu waliokuwa wakisugua, wote wakakana. Akatoa mbuzi na ubani, akaita walimu saba, wakasoma halbadiri katika msikiti wa karibu na duka, ili aliyekichukua apatwe na balaa. Watu wakarudi makwao kungoja nani atapatwa. Siku ya kumi na tisa mama yangu aliamka macho yamevimba. Mwezi ulipokwisha alikuwa haoni kitu. Msambweni nzima ikasema mwizi ameonekana.

Baba yangu alimpa talaka. Mimi nilikuwa na miezi saba. Tukaletwa hapa kisiwani kwa mjomba wa mama, na hapa ndipo tulipo. Nilipokuwa na miaka ishirini nilichumbiwa na mtu wa Msambweni. Wakamnong'oneza kwamba anamchukua mtoto wa mwizi wa Alfani, akaghairi posa.

Tuliambiwa kikasha hakikuonekana tena. Sasa naona kimetiwa jaladani.

Nakuomba jambo moja tu. Uliza kimefikaje kwenu, uandike jibu, na karatasi hiyo isomwe katika msikiti ule ule, mama yangu akiwa hai. Sitaki kingine.

Subira binti Randu


Ukunda,
20 Februari 2024

Dada yangu Bi Subira,

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimeketi. Wallahi habari hii sikuijua. Hakuna aliyepata kunisimulia.

Nimemuuliza mama. Anasema vikasha vilikuwa viwili, pacha, viliagizwa pamoja. Kimoja ndicho kilichoibwa, na cha pili alipewa yeye arusini, cha kuwekea udi. Mpaka leo ukikifungua kinanukia. Nami namwamini mama yangu kama wewe unavyomwamini wako. Simwiti Bi Mishi mwongo, hasha. Lakini ni mtu mzima, haoni, na miaka ni mingi. Mtu huweza kuvichanganya vitu viwili vinavyofanana.

Nilipomtajia jina lake, mama aliuliza, "Mishi yu hai?" Akauliza mara tatu, kisha akaomba maji.

Nakuomba jambo la msikitini tusiliharakishe. Walio Msambweni sasa wengi ni watoto wa juzi, na mzee Alfani yuko kaburini, hawezi kujitetea.

Wako katika heshima,
Abdulwahab


Mkwiro,
27 Februari 2024

Abdulwahab,

Vikasha pacha nakubali, hata watu huzaliwa pacha. Na mkwaruzo nao ulizaliwa pacha?

Mama anasema hivi. Kikasha kile kiliwahi kumponyoka fundi wa matengenezo pale dukani, bawaba ya kushoto ikavunjika. Fedha ya kufanana nayo haikupatikana, fundi akatia bawaba ya shaba na kuipaka rangi nyeupe ili mteja asijue. Kifungue utazame. Ukikuta bawaba zote mbili ni za fedha, mimi mwenyewe nitavuka nije kumwomba mama yako radhi, na neno hili sitalitaja tena.

Usinione kama mtu anayeamini kila linalosemwa. Mwaka wa 1998 madaktari wa macho walipiga kambi Shimoni. Mmoja alimtazama mama, akauliza alikuwa akifanya kazi gani. Nilipomwambia, akasema macho haya yameunguzwa na tindikali, ule moshi wake. Walikuwa wakiwapa tindikali ya kutolea weusi wa fedha, katika chumba kisicho na dirisha. Wasuguaji wenzake mama wawili nao walikuja kuona ukungu, ila wao walikuwa wamekwisha kuhamia kwingine, na mtu akiugua mbali hakuna anayemhesabu.

Nilimweleza mama. Alicheka, akasema daktari hakusoma chuo cha Kurani.

Subira


Ukunda,
17 Machi 2024

Dada yangu mpendwa,

Ramadhani karim. Natumaini mnafunga kwa afya. Huku kwetu jua ni kali na maji ya mfereji yanakuja siku moja, siku mbili hayaji. Mama hajambo, ingawa chakula chake kimepungua. Watu wa hoteli wamenishika shati: wanataka picha, wanataka maelezo, wanataka kujua babu alizaliwa mwaka gani, kana kwamba wakati ule watu walikuwa wakiandikwa.

Nimeona mwezi huu mtukufu tuutumie kwa ibada, mambo mengine tuyaache mpaka baada ya Idi, kila mmoja moyo ukiwa umetulia. Chirau nimempa mzigo wenu: sukari kilo kumi, unga wa ngano, tende za Madina, na godoro jipya kwa ajili ya Bi Mishi. Si kitu, ni sadaka tu ya ndugu kwa ndugu.

Wako,
Abdulwahab


Mkwiro,
24 Machi 2024

Abdulwahab,

Sukari, unga na godoro nimemrudishia Chirau. Tende tumekula tatu, kwa kuwa adhana ilikuwa imekwisha kulia na nyumbani palikuwa na maji matupu. Hizo tatu Mungu akulipe.

Umeandika ukurasa mzima na bawaba hukuitaja. Basi nimejua ni ya shaba.

Mama anafunga. Nimemkataza, hasikii. Mguu umemvimba, na akiswali huswali amekaa. Moyo wako utulie, lakini ujue kwamba yeye hana muda wa kuungoja.

Subira


Ukunda,
21 Aprili 2024

Dada Subira,

Bawaba ni ya shaba. Niliikwangua kwa ukucha siku ile ile niliyopata barua yako ya bawaba, rangi ikatoka. Nikakifunga kikasha nikakirudisha kabatini, nikakaa na siri hiyo siku arubaini na tano, nikafunga nayo na kuswali Idi nayo. Nimeona haya na bado naona haya.

Baada ya Idi nilikiweka mbele ya mama, nikamwonyesha bawaba. Siku tatu zikapita. Kisha akaniita, akasema niandike atakavyosema, nisitengeneze neno. Haya ndiyo maneno yake:

"Mishi, mwenzangu. Mimi ni Mwanasiti wa Alfani. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Kikasha alikitoa mama yangu, akakificha katika kasha langu la arusi, niwekee udi. Baba alikuwa mgumu, asingempa. Alikusudia kumwambia arusi ikipita, nao watu wote wangecheka. Baba akawahi kuita walimu. Mama akaogopa kusema mbele yao. Akajituliza, akasema mali haijatoka nyumbani, haijaibwa, basi kisomo hakitampata mtu. Kisha wewe ukapatwa. Mama akasema, kumbe huyu naye ana lake. Nami nikaamini hivyo. Kikasha nilikikuta siku ya saba ya arusi yangu, akaniambia ninyamaze, mambo yamekwisha. Nimetia udi humo miaka sitini na mitano. Siku nyingine nilikuwa nikikufikiria. Siku nyingi sikukufikiria. Hukuiba kitu. Nisamehe."

Juzi Ijumaa nilikwenda Msambweni na karatasi hii. Imamu aliisoma baada ya swala, mbele ya watu wote. Wengi hawakujua ni habari gani. Lakini mzee mmoja, Mzee Abubakar, ambaye wakati ule alikuwa mtoto wa chuo, alisimama akasema, "Tulikuwa tukimwimbia njiani." Akatoka nje, viatu vyake akaviacha mlangoni.

Mama anataka kikasha kiwe cha Bi Mishi. Nimekifunga kitambaani. Toa amri nikilete.

Nduguyo aliyekukosea,
Abdulwahab


Mkwiro,
28 Aprili 2024

Mdogo wangu Abdulwahab,

Nimemsomea mama kila neno. Nilikuwa nimeingoja karatasi hii tangu nilipojua maana ya neno mwizi, na nilikuwa na picha yangu ya siku hiyo: atalia, au atacheka, au ataniambia nimletee leso mpya atoke nje ajionyeshe.

Aliniomba nirudie pale penye "haijatoka nyumbani". Nikarudia. Akatikisa kichwa polepole, akasema, "Basi mimi nilipatwa kwa lile vumbi."

Nikamuuliza vumbi gani. Ndipo akanieleza jambo ambalo hajapata kulitamka. Dukani fundi alikuwa akipiga tupa, na vumbi la fedha likiwarukia waliokaa karibu. Kwa hivyo kila jioni kabla ya kutoka, wanawake walikuwa wakikung'uta leso walizojitanda juu ya sinia, mara tatu, kwa kuwa vumbi lile ni mali ya mwenye duka na huyeyushwa tena. Siku moja katika wiki ile ya kisomo alisikia mimi nina homa, akatoka mbio bila kukung'uta. Alipofika nyumbani akakumbuka, akaona haya kurudi. Kesho yake alinyamaza.

Leso hiyo iko chini ya mto wake mpaka leo. Haijafuliwa. Mimi nilidhani ni kumbukumbu ya baba yangu, na mara mbili nilitaka kuitupa kwa hasira. Jina lililochapwa kwenye leso halisomeki tena. Ameitunza hivyo ili siku moja vumbi lirudi kwa wenyewe.

Nilimgombeza, Abdulwahab. Mimi, mwanawe, nilimgombeza mama yangu mgonjwa. Nikamwambia kikasha kimeonekana, karatasi imesomwa msikitini, yamekwisha. Akasema maneno ya Mungu hayamwangukii mtu bure. Kama si kikasha ni vumbi. Maisha yangu yote nimepigana na watu ili waamini mama yangu si mwizi, kumbe yeye mwenyewe hakuamini. Sijui nimlilie nani.

Kikasha hakitaki. Anasema hakukitaka siku ile wala leo. Anataka radhi ya vumbi, kutoka kwa mrithi wa Alfani, itamkwe na kuandikwa. Neno moja. Mwambie mama yako upesi, maana uji sasa anakunywa vijiko viwili, anafunga mdomo.

Dada yako,
Subira


Ukunda,
5 Mei 2024

Dada yangu,

Nimemwambia mama, na nimemwomba kwa kila njia. Hawezi. Anasema, "Nitamsameheje mtu niliyemdhulumu? Mimi niliyekaa na kikasha kizima nimwambie Mishi nimekusamehe vumbi? Ulimi hauendi." Analia, anasema huo utakuwa ufidhuli juu ya dhuluma.

Nikaenda kwa shehe mmoja hapa Ukunda. Amesema vumbi la kiasi hicho halina hukumu, mtu hashtakiwi kwa alichokibeba bila kukusudia, na kwamba si kila maradhi ni jibu la kisomo. Amenitajia na hoja zake. Nimeziandika kwenye karatasi ya pili. Msomee Bi Mishi taratibu, naamini atatulia.

Abdulwahab


Mkwiro,
9 Mei 2024

Abdulwahab,

Karatasi ya shehe nimemsomea. Akasema, "Shehe hakuwa na duka."

Mama yako hakuombwa haki, wala hakuombwa ajione bora. Ameombwa neno moja, na linaweza kutoka kinywani mwake tu. Haya zake ni haya za mtu mwema, nazijua, lakini zinamzuia mama yangu kufa kwa raha. Mwambie aone haya baadaye.

Chirau nimemwomba asingoje pweza, aje moja kwa moja.

Subira


Ukunda,
14 Mei 2024

Mishi binti Mbwana, mwenzangu,

Vumbi la duka la baba yangu lililoshika leso yako, nimekusamehe duniani na akhera. Sikukudai na sitakudai. Haya nimeyaandika kwa mkono wangu mwenyewe, ndiyo maana herufi zimekwenda upande. Nawe nisamehe.

Mwanasiti binti Alfani


Mkwiro,
Ijumaa, 17 Mei 2024

Mdogo wangu Abdulwahab,

Barua ya mama yako ilifika jana, tukiwa katika hitima ya siku ya tatu. Chirau alikuta watu wamekaa kwenye mikeka, akanipa, akaenda akakaa na wanaume bila kuuliza kitu.

Mama alifariki Jumanne asubuhi, siku ile ile ambayo mama yako alikuwa akiandika. Jumatatu aliniuliza kama Chirau amekuja. Nikamwambia bado. Akaniuliza tena alasiri. Nilitaka kumdanganya, niseme radhi imekuja, niisome kutoka kichwani. Asingejua, haoni. Nilikaa naye nimeshika karatasi tupu ya daftari, nikashindwa. Aliishi miaka sitini na mitano kwa ajili ya vumbi, ningempa radhi ya uongo? Sasa najuta kwamba sikumdanganya. Nimekwambia kwa kuwa wewe pia unajua kujuta.

Barua niliipeleka kaburini, nikaisoma kwa sauti. Watoto waliokuwa wakichuma ukwaju waliniona, nadhani walidhani nimepungukiwa na akili.

Mwambie mama yako simlaumu. Alilisema neno. Njia ya kuvuka ndiyo ndefu.

Alikuwa ameniachia wasia mmoja. Alisema radhi ikija, leso isiende kwa mtu mwingine, iende kwa wenye duka, waikung'ute wao. Nimempa Chirau, imekunjwa kama alivyoikunja yeye. Sikuifungua.

Dada yako,
Subira


Ukunda,
26 Mei 2024

Dada yangu Subira,

Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Mama alipoisikia barua yako alivua pete zake mbili akaziweka kando, na hajazivaa tena.

Leso imefika salama. Jana tuliikung'uta. Sinia la duka lipo. Nilikuwa nimeliacha nje ya maonyesho, kwa kuwa ni shaba ya hapa hapa, si Uchina, na limepinda ukingo. Nililiosha, nikatandika kitambaa cheupe juu yake. Mama akaketi akalishika mapajani. Nikafunga madirisha ili upepo usichukue kitu. Nikaifungua leso kunjo moja moja, kwa bismillahi, nikaikung'uta mara tatu, kama Bi Mishi alivyosema.

Hapakuanguka kitu, dada. Ulianguka uzi mmoja.

Mama akaniuliza kama nimekung'uta vizuri. Nikarudia, nikapiga kwa kiganja, nikapitisha vidole kwenye pindo. Nikalibeba sinia hadi mlangoni penye jua. Mama akapitisha mkono wake juu ya kitambaa chote, akautazama mkono, ulikuwa safi. Akasema, "Hakuwa na kitu." Akalisema tena, kisha akalia kwa sauti, jambo ambalo sijapata kumwona akilifanya, hata baba alipofariki.

Nilifikiria kukuandikia kwamba tulikuta vumbi kidogo, japo la kujaa ukucha, ili mama yako asiwe amebeba miaka yote hiyo kitu kisichokuwapo. Kalamu nilikuwa nimekwisha kuishika. Lakini uongo wa nyumba hii umetosha.

Kijitabu nimekirudisha kwa mpiga chapa. Chini ya picha ya kikasha nimefuta maneno ya yule mgeni, nimeandika kwamba mstari huu ulikwaruzwa na Mishi binti Mbwana wa Msambweni, aliyekuwa akikisugua. Watu wa hoteli wameuliza huyo ni nani. Nimewaambia wangoje nipate ruhusa yako.

Leso nimeikunja tena kama ilivyokuja. Sitaki kumpa Chirau. Ijumaa nikijaaliwa nitavuka niilete kwa mkono wangu, ukikubali. Mama anauliza kama na yeye anaweza kuja. Hawezi kutembea sana, lakini anasema kutoka gatini hadi kaburini atakwenda.

Mdogo wako,
Abdulwahab